Mchawi wa katuni na mtoto wa jirani



Kila mwaka, kuanzia siku za mwisho za Oktoba hadi Noeli, onyo lilelile hupita katika simu zetu na katika mikutano ya vikundi vyetu: wazazi wazime televisheni, kwa kuwa uchawi umeingia katika filamu za watoto. Wanaolisambaza onyo hilo wana nia njema, na wengi wao ni watu wa sala. Hoja yao ni fupi: katuni ikimwonyesha mchawi anayecheka, mwenye marafiki na moyo mwema, mtoto ataacha kuuchukia uchawi, na siku moja ataupenda.

Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima, lakini pia kwa ukali, kwa sababu imeinua fimbo mahali ambapo nyoka hayupo. Sisi tunabishana juu ya ufagio wa katuni, na karibu na nyumba zetu wapo watoto na wazee walioitwa wachawi mbele ya watu, wakafukuzwa, wakapigwa, na wengine wakauawa. Kwa ajili yao hakuna anayesambaza onyo lolote. Huo ndio ugomvi wangu na wenzangu, na ndio sababu ya tafakari hii.

Filamu yenyewe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayetaka kuihukumu filamu sharti kwanza aitazame. Nachukua mfano mmoja unaojulikana sana duniani: Room on the Broom, yaani "Nafasi juu ya ufagio". Ni filamu fupi ya katuni, isiyofika nusu saa, iliyotolewa na kampuni ya Magic Light Pictures ya Uingereza na kuonyeshwa na televisheni ya BBC siku ya Noeli mwaka 2012. Imetokana na kitabu cha watoto cha mwaka 2001, kilichoandikwa na Julia Donaldson na kuchorwa na Axel Scheffler. Mwaka 2014 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi za katuni zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Kisa chake ni hiki. Mwanamke mchawi anaruka angani juu ya ufagio pamoja na paka wake. Upepo unampokonya kofia. Mbwa anaiokota, anamrudishia, kisha anaomba kwa adabu kama anaweza kupata nafasi. Anapewa. Baadaye utepe wa nywele zake unaanguka, na ndege wa kijani anauleta. Naye anapewa nafasi. Kijiti chake cha uchawi kinatumbukia majini, na chura anakiopoa; huyo pia anapanda. Paka, aliyezoea kukaa peke yake na bibi yake, hapendezwi na wageni hawa, lakini mwenye ufagio hamfukuzi mtu. Mwishowe ufagio unakatika vipande viwili. Mbwa, paka na chura wanaanguka katika kinamasi, na mchawi anaangukia kwa joka linalotaka kumla pamoja na viazi vya kukaanga.

Hapo tazameni vizuri. Kijiti cha uchawi hakimwokoi. Wanaomwokoa ni wale wanne: wanatoka kinamasini wamejaa matope, wanapandana mabegani mpaka wanafanana na dude moja la kutisha, wananguruma kila mmoja kwa sauti yake, na joka linaomba radhi na kukimbia. Kisha kila mmoja anatia kitu chake katika chungu, na humo unatoka ufagio mpya wenye viti vya wote, wenye kiota cha ndege na bafu ya chura.

Fundisho la filamu ndilo hilo. Mahali padogo pakigawanywa hupatikana nafasi, na mgeni uliyempokea leo aweza kuwa mwokozi wako kesho. Mtoto wa miaka mitano anayeitazama hajifunzi kuloga mtu. Akijifunza kitu, atajifunza kusogea kwenye benchi la darasa ili mwenzake aliyechelewa apate kukaa. Mababu zetu walikuwa na methali isemayo: mchawi mpe mwana kulea. Walijua kwamba hata mtu anayeogopwa, akiaminiwa, aweza kuwa mlinzi. Filamu ya Waingereza haijasema jambo lililo mbali sana na hilo.

Neno moja, maana mbili

Hata hivyo, wenye wasiwasi wanashika ukweli mmoja, nao ni wa lugha. Katika Kiswahili chetu cha Kivu na Katanga twasema mlozi, neno litokanalo na kuloga. Wenzetu wa Kinshasa wasema ndoki. Kwetu mlozi si mtu wa hadithi. Ni shangazi, ni babu, ni mtoto wa mke wa kwanza. Ndiye anayedhaniwa kula uhai wa wenzake usiku kwa sababu ya wivu. Ndiye sababu ya homa isiyopona, ya mimba iliyotoka, ya kazi iliyopotea, ya mtihani wa taifa ulioshindikana. Hana kofia ndefu wala ufagio. Ana sura ya mtu tuliyekula naye jana. Kwa masikio yetu, kusema "mlozi mwema" ni kama kusema "mwizi mwaminifu".

Mtoto wa Uingereza anaposikia neno la kwao, hamfikirii shangazi yake. Anafikiria mtu wa hadithi mwenye kofia yenye ncha, paka na chungu, kama sisi tunavyomfikiria sungura na fisi wa ngano zetu. Je, tumewahi kuzishtaki ngano za sungura? Sungura anadanganya tangu mwanzo wa hadithi mpaka mwisho, anaiba, anamfanya fisi achapwe kwa kosa lisilo lake, na bibi zetu walitusimulia hayo kila jioni bila kuogopa kwamba tutakuwa waongo. Walijua kwamba mtoto ana akili ya kutenganisha ngano na maisha, mradi mtu mzima akae karibu naye na kumsaidia.

Basi mzazi anayekaa na mtoto mbele ya katuni hiyo aseme maneno machache: hii ni ngano ya watu wa mbali, na mwanamke huyu si yule unayesikia akitajwa mtaani. Mafundisho yetu juu ya uchawi hayatikisiki kwa sababu hiyo. Katekisimu, katika vifungu vya 2116 na 2117, inakataa uaguzi na uchawi wa kila namna, hata ule unaofanywa kwa nia ya kuponya. Aliye Mkristo hatafuti nguvu za siri juu ya wenzake, anamtegemea Mungu. Hayo nayashika bila kupunguza neno. Lakini angalieni mipaka ya fundisho hilo. Linamkataza kila mmoja wetu asiutende uchawi. Halimpi yeyote kati yetu kazi ya kuzunguka mtaani akiwatafuta wachawi katika nyuso za jirani zake.

Majivu yaliyo chini ya kofia

Kicheko cha Waingereza juu ya mchawi kina historia, na historia hiyo haichekeshi. Kati ya karne ya 15 na ya 18, watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliuawa Ulaya kwa hukumu za uchawi, kadiri wanahistoria wanavyokisia. Wengi wao walikuwa wanawake, na mara nyingi wazee, wajane na maskini. Katika mji wa Würzburg, Ujerumani, kati ya mwaka 1626 na 1631, hata watoto walikuwa miongoni mwa waliouawa. Huko Scotland, chini ya sheria ya mwaka 1563, wanakisiwa kuwa watu 2,500 hivi waliuawa. Mauaji hayo yalifanywa katika nchi za Wakatoliki na za Waprotestanti pia, na hatuna sababu ya kuyaficha ya kwetu: kitabu Malleus Maleficarum, kilichowafundisha mahakimu jinsi ya kuwasaka na kuwatesa wachawi, kiliandikwa mwishoni mwa karne ya 15 na mtawa Mdominiko, Heinrich Kramer.

Moto ule haukuzimwa kwa kupiga marufuku hadithi. Ulizimwa na watu waliosimama kuuliza swali, na baadaye na sheria. Uingereza ilikomesha mashtaka ya uchawi kwa sheria ya mwaka 1735. Mwezi wa Machi mwaka 2022, Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa Scotland, aliwaomba radhi rasmi wale waliouawa, karne nyingi baada ya kufa kwao. Watoto wa huko wanaweza kucheka kwa sababu hakuna tena bibi anayechomwa mwishoni mwa kijiji. Sisi hatujafika hapo. Kwetu neno hilo lingali na damu mbichi.

Padri aliyeuliza swali

Kati ya waliouliza swali, namtaka kila kijana wa parokia amjue mmoja. Aliitwa Friedrich Spee, padri Mjesuiti wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1591. Mwaka 1631, wakati mioto ilipokuwa inawaka katika nchi yake, kilitolewa kitabu chake Cautio Criminalis bila jina lake, kwa maana kuwatetea walioshtakiwa kulitosha kumfanya mtu ashtakiwe naye.

Spee hakusema kwamba uchawi haupo. Hilo ndilo linalomfanya awe mwalimu mzuri kwetu, sisi tunaoishi kati ya watu wanaouamini. Aliuliza jambo moja tu: mmejuaje kwamba huyu ndiye? Akaonyesha kwamba katika mashtaka yale mshtakiwa hana njia ya kutoka. Akiwa ameishi vibaya, hiyo ni dalili. Akiwa ameishi vizuri, anajificha chini ya wema. Akitetemeka, dhamiri inamshtaki. Akitulia, shetani anampa nguvu. Akikiri, imethibitika, akikana, ateswe mpaka akiri. Kwa mateso ya namna hiyo, alisema, hata mahakimu na mapadri wangekiri kuwa wachawi. Mateso ndiyo yanayozaa wachawi.

Padri huyo alikufa mjini Trier mwaka 1635, akiwa na miaka 44, kwa ugonjwa alioupata alipokuwa akiwahudumia askari waliolazwa. Hakuacha jeshi wala mali. Aliacha swali, nalo lingali hai.

Lipelekeni swali hilo katika vile vyumba vya maombi ambako mtoto anafungiwa siku tatu bila chakula wala maji, ambako anachapwa, anatiwa pilipili machoni, ananyweshwa dawa za kutapisha ili "alete" nyama ya watu aliyoila usiku. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mateso ya namna hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2006 juu ya watoto wa mitaani nchini mwetu. Mtoto akilia, pepo anaumia. Akinyamaza, pepo ni mkaidi. Akisema "ndiyo, ni mimi niliyemla baba", watu wanapiga makofi na kumshukuru Mungu. Je, mtoto wa miaka minane aliyekaa siku tatu bila maji ataacha kusema chochote anachoombwa kusema? Ungamo hilo halithibitishi kitu isipokuwa kiu yake.

Noeli mbili

Nimesema kwamba filamu yetu ilionyeshwa Uingereza siku ya Noeli mwaka 2012. Miaka miwili kabla yake, siku ya Noeli mwaka 2010, katika nchi hiyohiyo, mjini London, kijana wa miaka 15 alikufa. Alikuwa wa familia ya Kikongo iliyokuwa ikiishi Ufaransa. Alikuwa amesafiri pamoja na ndugu zake ili kula Noeli kwa dada yao mkubwa. Dada huyo na mwenzi wake walimshtaki kuwa mchawi, wakamtesa kwa siku kadhaa, na mwisho akafa ndani ya maji ya bafu. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani wote wawili kwa kosa la kuua.

Wekeni Noeli hizo mbili pamoja. Katika ya kwanza, watu wazima walimtazama mtoto wa damu yao, wakamwona mchawi. Katika ya pili, watoto walimtazama mchawi wa karatasi na rangi, wakamwona rafiki. Ni ipi kati ya hizo iliyomhuzunisha Mtoto aliyezaliwa Betlehemu, ambaye wazazi wake pia hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni?

Picha zinazofundisha hofu

Wenzetu wanaosema kwamba filamu zaweza kuharibu roho ya mtoto wana haki. Zaweza. Lakini wameshika filamu isiyo yenyewe. Tangu miaka ya 1990 masoko yetu yamejaa filamu nyingine, ambazo humo mchawi hachekeshi hata kidogo. Tazameni End of the Wicked, filamu ya Nigeria ya mwaka 1999: watoto wanaingizwa katika mkutano wa usiku, wanakula nyama ya watu, wanarudi nyumbani kuwaangamiza wazazi wao. Wapinzani wake waliishutumu kwa kuwasha moto wa kuwashtaki watoto, na mwaka 2008 Jimbo la Akwa Ibom nchini humo lililazimika kutunga sheria ya kumwadhibu anayemwita mtoto mchawi. Siku hizi hatuhitaji hata kununua filamu. Video za "ukombozi" zinatufikia kwenye simu: nabii ameshika kipaza sauti, mtoto amepiga magoti, watu wanapiga kelele, na uso wa mtoto unaonekana wazi ili dunia yote imjue.

Filamu hizo zinaonyeshwa sebuleni, mchana, mbele ya watoto wadogo, kwa sababu mwisho wake mtu anatamka jina la Yesu. Kwa hiyo tunaziita za Kikristo. Ukweli ni kwamba zinamfundisha mtoto mambo mawili ambayo katuni ya ufagio haimfundishi. La kwanza, kwamba nguvu za usiku ni kubwa kuliko zote na ziko kila mahali. La pili, kwamba aliyezibeba ni yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Tumeilinda televisheni dhidi ya ngano ya wageni, tukaifungulia hofu iliyoshonwa katika nguo zetu wenyewe.

Ni nani anayeshtakiwa? Uchunguzi uliotolewa na UNICEF mwaka 2010 juu ya watoto wanaoitwa wachawi barani Afrika unawataja: yatima anayelelewa na ndugu, mtoto mwenye kifafa, mwenye ulemavu, mwenye kigugumizi, albino, aliyezaliwa kabla ya wakati, mkaidi, mpole kupita kiasi, mwenye akili kupita umri wake. Mtoto wa kambo anayekula sehemu ya ugali usiotosha. Katika milima ya Kivu Kusini mzigo huo huwaangukia zaidi akina mama wazee. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti wanawake waliouawa huko baada ya kutajwa na manabii wa kike wanaoitwa "bajakazi". Someni orodha hiyo polepole. Ni orodha ya watu ambao Injili inawataja kwanza.

Kwa wenye pingamizi

Wengine watasema: "Unaandika kama Mzungu. Uchawi upo, tumeuona." Sikuombi uniambie kwamba haupo. Nakuomba ujibu swali la Spee. Hata kama unaamini kwamba wapo watu wenye kudhuru kwa siri, umejuaje kwamba ni huyu bibi na si yule? Kwa ndoto ya jirani? Kwa neno la nabii aliyelipwa? Ushahidi ambao usingekubali umtie gerezani kaka yako kwa kosa la kuiba mbuzi, unaukubali vipi umfukuze mtoto nyumbani kwao? Kuamini kwamba mwovu yupo ni sehemu ya imani yetu. Kumtaja jirani kuwa ndiye mwenye naye ni ushuhuda wa uongo, na amri inayoukataza tunaijua kwa moyo.

Wengine watasema: "Sisi tunaomba tu, sala haiui." Sala haiui, ni kweli. Lakini anayeombewa mbele ya watu wote ili "uchawi umtoke" amekwisha kuhukumiwa kabla ya neno Amina. Kesho hatapewa sahani. Keshokutwa atalala sokoni. Wanafunzi walipomwuliza Bwana juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakutafuta mkosaji. Alitema mate, akafanya tope, akamponya.

Na wengine watasema: "Kanisa limekaa kimya." Halikukaa kimya, sisi ndio hatusomi. Mwezi wa Machi mwaka 2009, mjini Luanda, Papa Benedikto XVI aliwasikitikia watu wanaofikia hata kuwahukumu watoto wa mitaani na wazee kuwa ni wachawi. Katika waraka wake Africae Munus, uliotiwa saini kule Ouidah mwezi wa Novemba mwaka 2011, kifungu cha 67 kinawataja watoto wanaoitwa wachawi kati ya watoto wa Afrika wanaotendewa mambo yasiyovumilika. Na Serikali yetu haikukaa kimya pia, walau katika maandishi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini, mtu anayemshtaki mtoto hivyo. Ni vijana wangapi wa parokia zetu wanaoijua sheria hiyo? Wanaojua majina ya katuni zilizokatazwa ni wengi zaidi.

Wajibu wetu

Kwa hiyo nawaomba mambo manne, nayo hayahitaji pesa.

Kwanza, tusimsambaze mtu. Video ya mtoto anayeshtakiwa ikifika katika simu yako, iishie hapo. Kuipeleka kwa mwingine, hata ukiweka maneno ya kusikitika, ni kumpigia mtoto huyo mhuri usiofutika.

Pili, tulilinde neno. Katika vikundi vyetu neno mlozi limekuwa mzaha: mwenzetu akishinda mchezo, ni mlozi; akipata maksi nzuri, ni mlozi; bibi anayetembea polepole akiongea peke yake, ni mlozi. Mzaha huo ni kuni zinazokauka. Siku cheche ikianguka, hatutakumbuka ni nani aliyezikusanya.

Tatu, jina la mtu likianza kunong'onwa katika mtaa, twende nyumbani kwake kabla ya wenye mawe kwenda. Vijana sita waliokaa mchana kutwa uani kwa bibi, wakimchotea maji na kupasua kuni zake, ni ukuta ambao wachache watathubutu kuuvuka. Kisha tupeleke habari mapema kwa viongozi wa shirika, kwa padri, na kwa wenye mamlaka wa mtaa, tukiitaja sheria kwa tarehe yake.

Nne, mtoto aliyefukuzwa apate mahali. Si lazima kila mmoja wetu amlaze kwake. Lakini kikundi kizima kinaweza kumtafutia ndugu wa upande wa mama, familia ya shirika, nyumba ya masista, na kumlipia daftari. Mtoto anayeonekana akiimba katika kwaya ya watoto na kucheza mpira na wenzake ni hoja kubwa kuliko makala hii.

Kuhusu katuni ya ufagio, itazameni au msiitazame. Si hapo roho ya Kongo itakapopona au kupotea. Mkiitazama na wadogo zenu, waulizeni mwishoni: kwa nini yule mwanamke alisema ndiyo kwa mbwa, na kwa ndege, na kwa chura? Jibu lao litakuwa fupi, kama yalivyo majibu ya watoto: kwa sababu waliomba, na nafasi ilikuwepo.

Na sisi, wenye parokia kubwa, wenye benchi ndefu, wenye sikukuu ya Noeli kila mwaka, tutamjibu nini mtoto aliye mlangoni?

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayenong'onwa sasa kuwa mchawi? Bila kumtaja jina hadharani, tujiulize: ni nani kati yetu aliyekwenda kumsalimu mwezi huu?

2. Ni filamu na video zipi kati ya zile tunazoziita za Kikristo zinazowafundisha watoto kumwogopa ndugu yao? Tutawaelezaje wazazi jambo hilo kwa heshima?

3. Tusome pamoja Yohane, sura ya 9. Wanafunzi waliuliza nini, na Bwana alifanya nini badala ya kumtafuta mkosaji?

4. Kikundi chetu kitafanya tendo gani moja kabla ya Noeli, kwa ajili ya mtoto mmoja au mzee mmoja aliyetengwa?